Nani Alimbeba Nani

Tangu nirudi kutoka Usambara sijanywa chai yangu kwa amani. Kila anayenikuta kantini anavuta kiti na kuniuliza kama ni kweli nilikwenda kusuluhisha posa ya watu. Mwingine amesikia nilipigana. Mmoja alinipa pole ya msiba, sijui yeye alisikia nini. Nimeona niandike mara moja, na kila atakayeuliza nimpe asome.

Kwa ambao hatujakaa karibu: kazi yangu ni historia, na ndani ya historia nimejichagulia vita. Si vile vya mikuki na ngome. Ni vita vya Afrika ambavyo waliopigana bado wapo, wana simu, na wanaweza kunipigia kunikosoa. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimalizia kwenye viti vya plastiki, kaskazini mwa Uganda, Burundi, Msumbiji, nikisubiri mtu amalize chai yake ndipo aseme lililo moyoni. Mama yangu akiulizwa nafanya kazi gani husema mwalimu, kisha anabadilisha mazungumzo.

Kilichonipeleka Mtae, kijiji cha huko Usambara, ni sura moja ya kitabu. Mwanafunzi wangu mzaliwa wa huko alisimulia darasani jinsi mzee wa kijijini kwao, Mzee Hemedi, alivyombeba mwenzake mgongoni wakati wa vita vya Kagera, wote wawili wakiwa wamejeruhiwa, mpaka akamfikisha kwa matabibu wa jeshi. Niliipenda hadithi ile kupita kiasi. Niliijengea sura nzima kuhusu udugu wa askari, nikaiita "Mgongoni", mhariri akaisifu. Kilichobaki ni kumsikia mwenyewe akisema.

Dar es Salaam hadi Mombo

Jirani yangu kwenye basi alikuwa bwana wa makamo, muuza viatu wa Korogwe, mtu wa adabu sana. Kosa langu ni kupokea simu ya chuo mbele yake. Aliposikia naitwa "Daktari" alinyamaza mpaka tulipopita Chalinze, kisha akakunja suruali taratibu na kunionyesha goti.

"Hili, Daktari, linauma nikipanda ngazi."

Nikamwambia mimi si daktari wa magoti, ni daktari wa historia.

"Sawa," akasema, "historia yake ni hivi." Akaanza tangu alipoanguka kutoka juu ya mnazi akiwa mtoto.

Nilimsikiliza, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kusema kweli alisimulia vizuri kuliko majenerali kadhaa niliowahi kuwahoji. Tulipofika Segera alininunulia machungwa na mahindi ya kuchoma, akakataa katakata nilipe chochote, maana alijiona ameshatibiwa. Korogwe alishuka ngazi za basi bila kushika popote. Nimeamua hilo niliweke miongoni mwa mafanikio yangu ya kitaaluma.

Mombo hadi Lushoto

Mombo ni joto, na kutoka hapo unapanda mlima huku ukitafuta sweta lako kwenye begi. Magari yanashuka yamejaa kabichi na karoti, yanapanda na watu. La kwetu lilipanda mpaka karibu na Soni likasimama. Mvua ya usiku ilikuwa imeporomosha jiwe, nalo lilikaa katikati ya barabara kama limepangiwa zamu.

Tukashuka wote. Mama mmoja mwenye kapu la mapeasi akagawa kwa kila mtu bila kuuliza nani ni nani, tukakaa ukingoni tunakula huku wanaume wakilizunguka jiwe na kulitolea maoni. Wawili kati yao waliacha jiwe wakaanza kugombana wao kwa wao, kwa Kishambaa, kuhusu mpaka wa shamba. Mama wa mapeasi alinitafsiria kidogo, kisha akaniuliza mimi nakwenda kufanya nini huko juu.

Ningesema nakwenda kusalimia, ningekuwa salama. Lakini nilichoka kukunjiwa suruali, nikataka kueleza kazi yangu vizuri. Nikasema, "Mimi nashughulika na migogoro, mama. Migogoro ya Afrika."

Aligeuka akawaita wale wawili. Aliongea nao kwa Kishambaa, maneno mengi, na mimi nilidaka mawili tu: "Daktari" na "migogoro". Wakaja, wakavua kofia, wakakaa mbele yangu.

Nilijaribu kueleza tofauti kati ya kuchunguza mgogoro na kuusuluhisha. Mmoja wao alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kwa hiyo wewe unakuja, unaangalia watu wanavyopigana, unaondoka?"

Nimewahi kuulizwa maswali makali kwenye makongamano. Hilo lilizidi. Nikawaambia wanieleze mpaka unapita wapi.

Lushoto hadi Mtae

Nililala Lushoto chini ya mablanketi mawili, na siku iliyofuata nikapanda basi la Mtae. Dereva wake anaitwa Hoza, mtu mpole anayejua kila nyumba njiani na anayeona ni utovu wa adabu kuipita bila kupunguza mwendo. Alisimama kupeleka godoro. Alisimama kumpa mtu pole. Alisimama mahali ambapo sikuona nyumba wala mtu, akapiga honi, tukangoja, akatokea bibi kwenye mteremko na kumkabidhi kuku.

Yule mama wa mapeasi alikuwa na ndugu humo ndani, au simu yake ilifika kabla yangu, sijui. Ninachojua ni kwamba hatukuwa tumefika mbali kabla mke na mume waliokaa nyuma yangu hawajaletwa mbele. Mume alikuwa ameuza mtetea wa mke wake bila kumwambia. Abiria wakasogea karibu. Hata Hoza alizima redio.

Nilikataa kwa heshima. Nikaombwa tena. Mwishowe nikatoa hukumu: mume atafute mtetea mwingine wa rika lile lile, amrudishie mwenzake. Niliona ni haki tupu. Mke akanitazama kwa ukali. "Mume wangu atatoa wapi mtetea mwingine saa hizi? Unataka akope?" Mume akaongeza kwamba watu wa mjini huwa hawawafikirii wakulima. Wakarudi viti vyao wameshikana mikono, wamepatana kabisa, dhidi yangu.

Barabara ile ni ndefu na ina mashimo, na inatembea ukingoni mwa mlima kwa namna inayokufanya utazame upande wa pili. Tulifika Mtae jioni, ukungu ukiwa umeshuka. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, na ukungu ukiachia kidogo unaona uwanda wote wa chini, mkavu, wa rangi ya mkate. Niliposhuka walikuwa wamesimama watu kadhaa. Nikawasalimia, "Onga mshi," salamu pekee ya Kishambaa niliyojifunza, wakafurahi, na mmoja akasema kwa Kiswahili, "Karibu sana, Daktari. Mgogoro wenyewe uko kwa Mzee Hemedi."

Kwa Mzee Hemedi

Mzee Hemedi ana zaidi ya miaka sabini, mrefu, anachechemea mguu wa kushoto. Mke wake, Bibi Zaina, ni mfupi na hana muda wa kupoteza. Nilipiga magoti nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, nikawekewa sahani ya makande iliyomtosha mtu aliyetoka vitani. Bibi Zaina alikaa mbele yangu kuhakikisha haibaki punje.

Nikaeleza kilichonileta. Mzee akafurahi, akajinyoosha, akaanza.

"Tulikuwa njiani kwenda Masaka, kule Uganda. Bomu likatua karibu. Mimi kipande kikanipata mguuni, mwenzangu Rajabu, wa kijiji cha Mnazi hapo chini, kikampata pajani. Wenzetu wameshatangulia. Nikamwambia, Rajabu, panda mgongoni. Nikambeba mpaka kwa matabibu."

Ilikuwa vilevile nilivyoiandika. Kinasa sauti kilikuwa kinawaka na moyo wangu ulikuwa unaimba. Nikauliza ilikuwa umbali gani.

"Mbali," akasema.

"Na mguu wako mwenyewe?"

"Uliuma."

Bibi Zaina akatoa sahani, akaenda nayo jikoni.

Ndipo mjukuu wao, Idrisa, fundi seremala wa miaka ishirini na kitu, akanieleza mgogoro. Anataka kumuoa Mwanaidi, mjukuu wa huyo huyo Mzee Rajabu wa Mnazi. Wazazi wa pande zote waliridhika. Ujumbe wa Mtae ukashuka kupeleka posa, na msemaji wao, ili kunogesha, akaanza kwa kusema familia hizi zimeungana zamani, kwa sababu mzee wetu alimbeba mzee wenu mgongoni. Upande wa Mnazi ukashangaa. Wao tangu utotoni wanajua ni Mzee Rajabu aliyembeba Mzee Hemedi. Watoto wao wanaisimulia shuleni. Mmoja akasema, "Uongo," mwingine akajibu, "Rudia uone." Ujumbe ukarudi mlimani bila kuonja pilau, na harufu yake waliisikia.

"Sasa kila upande unasema hauwezi kuoana na waongo," Idrisa akasema. "Mwanaidi ameanza kupelekewa posa nyingine. Tunaomba utuambie ukweli, wewe umesomea."

Nilimtazama Mzee Hemedi. Alikuwa anatazama paa.

Kwa mara ya kwanza niliona sura yangu ya kitabu inatetemeka. Nikisema Hemedi ndiye, na Rajabu ana maelezo yake, sina historia, nina ubishi. Nikasema jambo hili haliwezi kuamuliwa kwa kusikia upande mmoja. Lazima twende Mnazi wote.

Mzee akasema goti lake halipendi joto. Kisha akasema ana mbuzi anayekaribia kuzaa. Kisha akasema barabara imeharibika, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini halikuwa jipya. Bibi Zaina akatokea mlangoni na kanga begani. "Mbuzi nitamwachia jirani," akasema. "Kesho tunashuka."

Kushuka Mnazi

Tulishuka kwa pikapu ya jirani: mimi na Bibi Zaina mbele, Mzee na Idrisa nyuma pamoja na mikungu ya ndizi ya kupeleka. Kila kona tuliyokata tulivua nguo moja. Nilianza na sweta na koti. Tulipofika chini nilibaki na gauni, na Bibi Zaina alikuwa anajipepea kwa kiatu.

Njiani tulipata pancha. Wakati dereva anahangaika na tairi, Mzee Hemedi alinivuta pembeni.

"Daktari, katika vitabu vyenu, kuna mtu aliwahi kuandikwa kwamba walibebana?"

"Kwa zamu?"

"Kwa zamu, ndiyo. Au kwa pamoja."

Nikamwambia kwa pamoja ni vigumu. Alikubali kwa huzuni, akarudi garini.

Mzee Rajabu tulimkuta barazani kwake. Ni mnene, anacheka kwa urahisi, naye anachechemea, mguu wa kulia. Nilitegemea wataangaliana kwa chuki. Walikumbatiana wakakaa hivyo mpaka watu wakaanza kutazama pembeni. Kisha wakakumbuka wanagombana, wakaachana, kila mmoja akakaa upande wa watu wake.

Nilianza kikao kama ninavyoanza mahojiano yote, kwa maswali mepesi. Hali ya hewa siku ile. Walikula nini asubuhi. Walijibu kwa uangalifu, mmoja akimsubiri mwenzake, kama watu wanaovuka mto kwenye mawe. Mwanaidi, msichana mwenyewe, akaleta chai. Babu yake akaonja.

"Nalongo, mwanangu, ongeza sukari."

Kikombe cha Mzee Hemedi kilisimama hewani. "Umemwita nani?"

"Hilo ndilo jina lake la nyumbani," mama wa binti akajibu. "Babu yake alimpa siku aliyozaliwa. Sisi hatujui alilitoa wapi."

Mzee Hemedi alikuwa bado anamtazama mwenzake. "Rajabu. Umempa mtoto jina la yule mama."

"Ningempa la nani?" Mzee Rajabu akasema polepole. Hakuwa anacheka tena.

Mimi jina hilo nilikuwa nalijua, maana nimekaa Buganda. Lakini nilinyamaza, na ni mara chache sana katika kazi hii nimenyamaza kwa wakati unaofaa.

Mzee Rajabu akaweka kikombe chini. "Waambie wewe, Hemedi. Mimi nikianza nitaremba."

Mzee Hemedi akawaambia. Bomu lilitua kweli, na wote wawili waliumia kweli. Hakuna aliyeweza kusimama, sembuse kubeba mtu. Walikuwa wamelala mferejini wanasikia inzi, kila mmoja akimwambia mwenzake asilale usingizi, ndipo akapita mwanamke na baiskeli ya kubebea ndizi. Alisimama akawatazama. Akashusha ndizi zake zote, akaziacha njiani. Mmoja akampakia kwenye keria, mwingine akamlaza juu ya siti kama gunia, akaanza kuisukuma.

"Alitugombeza njia nzima," Mzee Rajabu akadakia. "Lugha hatuijui, lakini kugombezwa unakujua. Tulikuwa wazito. Kwenye mlima alisimama, akalia kidogo, akaendelea. Wanavijiji waliokuwa wanalikimbia jeshi letu njiani walikuwa wanamwita Nalongo, Nalongo."

"Tulipofika kwa matabibu," Mzee Hemedi akasema, "akatuonyesha baiskeli. Imejaa damu yetu, siti, keria, mpaka mnyororo. Akaonyesha ndoo ya maji iliyokuwa pale. Alitaka ioshwe. Ni ya kubebea chakula." Akageuza kikombe mkononi. "Tukapakiwa kwenye lori. Hatukuiosha."

Nilikuwa nimesahau hata kuangalia kama kinasa sauti kinafanya kazi.

Hospitalini, walisema, askari wenzao waliuliza wamefikaje. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye magwanda, aseme amesukumwa kwenye baiskeli na mama muuza ndizi? Walipatana pale pale vitandani. Mmoja anakaa mlimani, mwingine bondeni. Kila mmoja kwao aseme ndiye aliyebeba. Nani atakuja kulinganisha? Na kwa miaka yote ile hakuna aliyelinganisha, mpaka vijana walipopendana.

Watu wa Mnazi wakawatazama watu wa Mtae. Hakuna upande uliokuwa na cha kujivunia, wala cha kulaumu. Wa kwanza kusema alikuwa Bibi Zaina.

"Mimi nilijua tangu tulipooana," akasema huku akijipepea. "Mwanaume ambaye sijamwona akibeba ndoo ya maji kutoka bombani, angebeba mtu mzima kutoka Masaka?"

Aliyeanza kucheka ni Mzee Hemedi mwenyewe, na baada yake baraza zima. Mke wa Mzee Rajabu alicheka mpaka akaomba apewe maji.

Nikaona sasa ni lazima niseme. Nikawaeleza kwamba Nalongo si jina la mtu. Baganda humwita hivyo mama aliyezaa mapacha. Mzee Rajabu alishangaa sana. "Sisi tulidhani wanamwita jina lake." Akafikiri kidogo. "Au walituona sisi." Mwanaidi, ambaye miaka yote hiyo ameitwa mama mapacha bila kujua, alimtazama Idrisa, Idrisa akatazama miguu yake, na wanawake wakaanza kushangilia kana kwamba mapacha wameshafika.

Posa ilipokelewa siku ile ile. Pilau ililiwa. Mimi nilikula pia, kwa huzuni kidogo, kwa sababu sura yangu nzima ya "Mgongoni" ilikuwa imekufa na nilikuwa ndani ya matanga yake. Lakini nilipokuwa namalizia nyama nikajikuta nimeacha kuomboleza. Katika kazi hii nimekusanya hadithi nyingi za wanaume waliobeba wanaume. Nilikuwa sijawahi kuuliza ndizi ziliishia wapi.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na mambo makubwa. Hoza alisimama mara nyingi. Nilibebeshwa mchele wa Mnazi na viazi vya Mtae, na begi la kinasa sauti nikalipakata, kwa sababu buti yote ilikuwa na zawadi zangu. Mhariri nimemweleza. Akauliza jina la yule mama, nikamwambia hilo ndilo ninaloanza kulitafuta, na kwamba Buganda akina Nalongo ni wengi kama migomba. Sura inaandikwa upya. Nilidhani mgogoro umekwisha.

Juzi simu ikaita. Ni Mzee Hemedi, anaongea kwa kunong'ona.

"Daktari, kwenye hicho kitabu, andika vizuri. Aliyekaa kwenye keria, amekaa kabisa kama mtu, ni mimi. Aliyelazwa kama gunia ni Rajabu."

Nikamwambia nimesikia, shikamoo, msalimie Bibi. Sikuwa nimeweka simu mezani ikaita tena. Namba ya Mnazi.

"Mwanangu," Mzee Rajabu akasema, "huyu mzee wa mlimani hajakupigia?"